Tiba ya viungo ivuke maji

Mwaka 1978, mataifa ya dunia yalipokutana katika mji wa Alma-Ata, yalikubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi ina kazi nne: kukuza afya, kukinga maradhi, kutibu, na kumrejeshea mgonjwa uwezo wake wa kuishi na kufanya kazi. Taifa letu halikuwa na shida ya kuyaelewa maazimio hayo, kwani lilikwisha kuanza kujenga zahanati vijijini. Katika kazi tatu za kwanza yapo mengi tunayoweza kujivunia. Watoto wetu wanachanjwa, na mwaka 2015 Tanzania ilithibitishwa kuwa nchi isiyo na virusi vya asili vya polio, maradhi ambayo kwa vizazi vingi yaliwaacha watoto wakitambaa.

Kazi ya nne, hata hivyo, imebaki nyuma. Mgonjwa akiokolewa kifo, tunamshukuru Mungu na kumpa ruhusa ya kurudi nyumbani. Kama atarudi akitembea au akibebwa, kama ataweza tena kushika jembe, chaki au kasia, hilo mara nyingi tunaliachia jamaa zake na bahati yake. Ni kazi hiyo ya nne tunayotaka kuijadili leo, na hasa wale wanaopaswa kuifanya: wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na njia ambayo kijana msomi anaweza kuipita ili awe mmoja wao.

Yafaa tulitazame jambo hili tukiwa tumesimama mahali fulani, wala si hewani. Tusimame Bumbire. Kisiwa hicho kimo katika Ziwa Viktoria, Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Wakazi wake ni wavuvi wa dagaa na sangara, wakulima na wafanyabiashara wadogo wa mwaloni. Anayetaka huduma kubwa ya hospitali hana budi kwanza avuke maji. Akifika bara, anaanza safari ya pili, kwenda hospitali ya Rubya, Kagondo au Ndolage. Akipewa rufaa, ipo safari ya tatu, kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na pengine ya nne, kwenda Bugando, Mwanza. Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zetu wa Ikuza, Kerebe, Mazinga na Goziba. Ziwa likichafuka, hakuna safari hata moja.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa umri wa miaka 50 aliyepatwa na kiharusi. Jamaa zake wanachanga nauli, wanamvusha, na madaktari wanayaokoa maisha yake. Baada ya siku kadhaa anaruhusiwa kuondoka, mkono na mguu wa upande mmoja vikiwa havina nguvu. Anaambiwa afanye mazoezi na arudi kliniki mara mbili kwa juma. Atarudije? Nauli ya boti peke yake, kwake na kwa mtu wa kumshika mkono, yaweza kumaliza akiba ya nyumba nzima katika mwezi mmoja. Basi anabaki kitandani. Mkono usionyooshwa unaanza kujikunja. Bega lisilotegemezwa linaanza kuuma. Kiungo ambacho katika majuma ya mwanzo kingeweza kufundishwa upya kinakakamaa. Baada ya mwaka mmoja watu husema kwamba kiharusi kimemlemaza. Ukweli ni kwamba kiharusi kilifanya sehemu tu ya kazi hiyo, na sehemu iliyobaki ilifanywa na umbali.

Mfano wa pili ni wa mtoto mchanga aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani nyayo zake zimegeukia ndani. Hali hii humpata takribani mtoto mmoja katika kila 1,000 wanaozaliwa, na haitokani na laana wala kosa la mama. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika jimbo la Iowa, Marekani, alionyesha kwamba nyayo hizo zinaweza kunyooshwa pole pole kwa mikono na kufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila juma, kwa kawaida kwa majuma matano hadi saba. Watoto wengi huhitaji kisha mkato mdogo katika ukano wa kisigino, halafu huvalishwa viatu vilivyounganishwa na kipande cha chuma: miezi mitatu ya kwanza karibu saa zote, na baadaye wakati wa kulala hadi wafikie umri wa miaka minne hivi. Mtoto aliyetibiwa hivyo hukimbia na wenzake. Asiyetibiwa hukua akikanyagia upande wa unyayo, na shuleni huwa ndiye anayeachwa kuchunga madaftari wakati wengine wanacheza mpira.

Tiba hiyo haihitaji jengo la ghorofa wala mashine ya mamilioni. Inahitaji mikono iliyofundishwa, plasta, na kurudi kila juma bila kukosa. Jirani zetu wa Uganda walilielewa jambo hili mapema. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 walianza kuwafundisha maafisa tabibu wa mifupa kuifanya kazi hiyo katika hospitali zao, badala ya kuwasubiri madaktari bingwa wa upasuaji ambao walikuwa wachache mno. Kutoka Kagera hadi Uganda si mbali, na hatuoni haya kujifunza kwa jirani.

Katika mifano yote miwili, ugumu ni ule ule. Kidonge huweza kusafiri mfukoni mwa mgonjwa. Upasuaji hufanyika siku moja. Lakini kipimo cha dawa katika tiba ya viungo ni kurudia: leo, kesho, juma lijalo, mwezi ujao. Tiba ya namna hiyo haiwezi kuwekwa mbali na mgonjwa ikaendelea kuitwa huduma. Kwa sababu hiyo mtaalamu wa fiziotherapia, kuliko wataalamu wengine wengi, ndiye anayepaswa kumfuata mgonjwa alipo, au kumfundisha mtu wa karibu naye aifanye kazi hiyo kwa niaba yake.

Je, wataalamu hao tunao? Hatukuanza jana. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ilifunguliwa mwaka 1971, na katika miaka iliyofuata mafunzo ya fiziotherapia yalianzishwa hapo. Mwaka 1981 kilianzishwa hapo hapo chuo cha TATCOT, ambacho kimewafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1996 ilitungwa sheria iliyoiunda Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili. Kijana anayemaliza shule leo anaweza kusoma fiziotherapia kwa ngazi ya stashahada au shahada ya kwanza hapa hapa nchini. Waliotangulia katika fani hii wamefanya kazi kubwa, na wengi wao wameifanya kimya kimya, katika vyumba vidogo vilivyo mwisho wa varanda ya hospitali.

Lakini idadi haitoshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali zinazoweza kupata nafuu kwa huduma za utengamao, na kwamba katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati wataalamu wenye ujuzi huo hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozitaka nchi ziziingize huduma hizo katika mifumo yake ya kawaida ya afya. Sisi wenyewe tulikwisha kuwa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Haya ni mambo mema. Hata hivyo, bima hulipia huduma iliyopo. Kadi ya bima peke yake haiwezi kukunjua goti la mtu.

Wakazi wa Kagera wanalijua hilo kwa uchungu. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu 17 na kujeruhi mamia. Nyumba zilizoanguka zilihesabiwa, na nyingi zilijengwa upya. Nyonga, kifundo na uti wa mgongo vya aliyeangukiwa na ukuta havihesabiki kwa urahisi hivyo. Mfupa ukishaunga, mtu huhesabiwa kuwa amepona, hata kama hawezi tena kupanda kilima kwenda katika kibanja chake.

Sasa tulitazame suala la kijana msomi. Wapo nchini vijana wengi waliokwisha kupata shahada ya kwanza katika bayolojia, katika ualimu wa sayansi, katika uuguzi, au katika elimu ya viungo na michezo inayofundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadhi yao wanafundisha. Baadhi wanasubiri ajira kwa miaka. Miongoni mwao wapo waliogundua, wakiwa na umri wa miaka 25 au 30, kwamba kazi wanayoitaka ni ya tiba ya viungo. Pengine walimwuguza mzazi aliyepooza. Pengine darasani mwao alikuwamo mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kushika kalamu. Wito wa namna hii una thamani, kwa kuwa umekuja baada ya mtu kuyaona maisha.

Nchini Uingereza na Australia, mwenye shahada ya kwanza katika fani inayohusiana anaweza kusoma shahada ya uzamili ya miaka miwili na kusajiliwa kuwa mtaalamu wa fiziotherapia. Marekani wamekwenda mbali zaidi: huko kazi hii huingiwa kwa shahada ya udaktari wa fiziotherapia, ambayo husomwa kwa takribani miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Kwetu, njia ya kawaida inaanzia kwa kijana aliyemaliza Kidato cha Sita akiwa na fizikia, kemia na bayolojia. Mwalimu wa bayolojia wa Muleba aliye na shahada tayari hujikuta akishauriwa aanze tena mwaka wa kwanza, akae darasani miaka minne pamoja na wale aliowafundisha, na ajilipie, kwani mikopo ya umma imelenga hasa wanaosoma shahada kwa mara ya kwanza. Si ajabu wengi huiweka nia hiyo kabatini na kuifunga kwa ufunguo.

Gazeti hili linaona kwamba wakati umefika wa kuwafungulia watu hao mlango. Vyuo vyetu vikuu vya afya vibuni mafunzo ya uzamili ya kuingilia fani, kwa wahitimu walio na msingi wa kutosha katika elimu ya mwili wa binadamu, na mafunzo hayo yaambatane na sharti moja lisilo na utata: anayesomeshwa kwa fedha za umma atatumikia, kwa miaka iliyotajwa katika mkataba, katika wilaya isiyo na mtaalamu. Muleba na visiwa vyake viwe miongoni mwa mahali pa kuanzia.

Tunajua yatakuwapo mashaka, na ni haki yaelezwe. Wapo watakaosema kwamba miaka miwili haitoshi. Jibu letu ni kwamba muda haupimwi kwa kalenda peke yake. Anayeingia akiwa amekwisha kuujua moyo, mapafu, misuli na neva hahitaji kufundishwa hayo tangu mwanzo. Anahitaji kufundishwa kupima, kuamua na kutumia mikono yake mbele ya mgonjwa, chini ya macho ya mkufunzi. Mtihani wake na usajili wake uwe ule ule wa wenzake. Hatutaki mlango wa nyuma. Tunataka mlango wa pili, wenye bawabu yule yule.

Wapo pia watakaosema kwamba stashahada ni ya gharama ndogo zaidi, na kwamba ni bora fedha ziende huko. Hatupingani nao. Mwenye stashahada ndiye uti wa mgongo wa huduma hii, na ataendelea kuwa hivyo. Lakini uti wa mgongo nao unahitaji kichwa. Wilaya inahitaji mtu atakayewasimamia wenzake, atakayewafundisha wauguzi wa zahanati na wahudumu wa afya wa vijiji, atakayeandika takwimu za wagonjwa walioacha kuja na sababu zake, na atakayezipeleka takwimu hizo mezani kwa wanaopanga bajeti. Mwalimu wa jana, aliyezoea kufundisha watu wazima na watoto, ana sifa hizo kuliko wengi.

Shaka la tatu ndilo zito kuliko yote: kwamba akishapata shahada ya uzamili ataukimbia mkoa, aende Dar es Salaam, au avuke bahari. Hofu hii si ya bure, kwa sababu ujuzi huu unatafutwa duniani kote, na nchi tajiri hulipa vizuri. Lakini mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo juu ya namna ya kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, na pendekezo mojawapo lilikuwa kuwachagua wanafunzi waliotoka huko huko vijijini, kwani hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi na kukaa. Mtoto wa Bumbire haogopi boti. Anajua ni mwezi gani ziwa huchafuka, na ni usiku gani wavuvi wa dagaa hawapatikani nyumbani kwa sababu wamo majini na taa zao. Anajua pia namna ya kumwambia mama mkwe wa mgonjwa kwamba kumnyanyua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza ni kumwumiza.

Mkataba, hata hivyo, una pande mbili. Haifai kumpeleka msomi kisiwani, tukamwacha bila nyumba, bila chumba cha kazi, bila nauli ya boti ya kuzungukia vijiji, kisha tukamlaumu akiomba uhamisho. Mahitaji yake si makubwa: kitanda cha mazoezi, vyuma sambamba vya kujifunzia kutembea, plasta, magongo ambayo fundi seremala wa hapo anaweza kuyachonga akipewa vipimo, na fungu la usafiri lisilokatwa katikati ya mwaka.

Hapa tunawageukia watumishi wa umma, ambao wengi wao ni wasomaji wetu. Mtaalamu huyu hawezi kuajiriwa ikiwa nafasi yake haimo katika ikama. Afisa anayeandaa ikama ya halmashauri na kuruka mstari wa fiziotherapia kwa sababu mwaka jana haukuwapo, anaamua pasipo kujua nani atatembea na nani hatatembea. Vivyo hivyo anayepanga bajeti: huduma hii haina kelele. Hakuna gari la wagonjwa linalokuja nayo likipiga king'ora, na aliyelala nyumbani na mguu uliokakamaa haji ofisini kulalamika. Kwa sababu hiyo anahitaji mtu wa kumkumbuka mezani.

Walimu nao wana sehemu yao, na haisubiri chuo chochote kuanzishwa. Mwalimu ndiye mtumishi wa umma anayewaona watoto wengi zaidi, na kwa siku nyingi zaidi, kuliko mganga yeyote. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba mtoto fulani huanguka mara kwa mara, au huandika kwa shida, au hakuandikishwa kabisa kwa kuwa nyumbani wanaona haya. Amwite mzazi, amweleze bila kumtisha, na ampeleke jina lake zahanati. Aidha, awaambie wanafunzi wa masomo ya sayansi kwamba ipo kazi hii. Wengi wao wamesikia habari za daktari na muuguzi tu.

Kwa kijana msomi mwenyewe tuna neno moja. Mwaka 1964 Mwalimu Julius Nyerere aliwapa wabunge mfano wa kijiji chenye njaa, kilichompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa ajili ya wote. Alisema kwamba mtu huyo akila na asirudi, ni msaliti. Miaka imepita, lakini hesabu ya mfano huo haijabadilika. Kila aliyesoma hadi chuo kikuu alipewa sehemu ya chakula cha watu ambao hawakwenda. Wapo waliokipeleka chakula hicho katika sheria, wapo waliokipeleka katika uhandisi. Anayekipeleka katika tiba ya viungo asidhani amechagua kazi ya pili baada ya udaktari. Daktari humwokoa mtu asife. Yeye humwezesha mtu huyo kuinuka.

Tunaiomba Serikali, kupitia wizara zinazohusika na afya na elimu, ikae na vyuo vikuu na chama cha wataalamu wa fiziotherapia, itazame kama mlango huu unaweza kufunguliwa, lini, na kwa wanafunzi wangapi wa mwanzo. Hata wakiwa kumi tu si haba, ikiwa kila mmoja ana wilaya inayomngoja. Na tunaiomba halmashauri yenye visiwa ianze sasa kuwatafuta wahitimu wake walio tayari, kabla hawajakata tamaa au kuondoka.

Siku itakapofika ambapo mvuvi wa Bumbire aliyepatwa na kiharusi ataamshwa asubuhi na mtu anayebisha hodi kumfanyisha mazoezi, badala ya kubaki akihesabu nauli asiyokuwa nayo, ndipo tutakapoweza kusema kwamba kazi ya nne tuliyoahidiana mwaka 1978 imeanza kufanywa. Hatuna budi kuianza.